Simu ya zamani isiyoshika mtandao: namna ya kutambua ujumbe umekwamia wapi

Katika wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, simujanja haitupwi kwa sababu tu imezeeka. Hutoka kwa mmiliki wa kwanza ikaenda kwa mdogo wake, kwa mzazi aliyeko kijijini au kwa mnunuzi wa simu zilizotumika, na mara nyingi humfikia mtumiaji wa tatu ikiwa inashika mtandao kwa kubahatisha au haishiki kabisa. Kuanzia hapo malalamiko huwa ni yaleyale: ujumbe hauendi, ujumbe hauji. Simu hupelekwa kwa fundi, hufutwa kila kilichomo, hununuliwa betri mpya, na bado ujumbe hauendi, kwa kuwa hakuna aliyeuliza kwanza ni ujumbe wa aina gani na umekwamia wapi.

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Tokeni ya LUKU iliyolipiwa kwa simu, namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, uthibitisho wa fedha zilizotumwa na namba ya siri ya kufungulia akaunti, vyote hufika kwa ujumbe mfupi. Mkulima wa Sindeni anayeuza mahindi kwa mnunuzi wa mbali huachia gunia baada ya kuona ujumbe wa fedha kuingia. Simu ikiwa bubu siku hiyo, ama mzigo unabaki ama unaondoka kwa kuaminiana, na wapo matapeli wanaoishi kwa kutegemea kuaminiana huko.

Njia mbili zisizobadilishana mizigo

Ujumbe mfupi wa kawaida, ambao wengi huuita meseji, hupita katika mtandao wa simu pekee. Simu huurusha kwenye mnara ulio karibu, mnara huupeleka kwenye kituo cha ujumbe mfupi cha kampuni husika, na kituo hicho huuhifadhi kwa muda mpaka simu ya mpokeaji itakapopatikana. Hauhitaji bando la intaneti wala programu ya kupakua. Ujumbe wa WhatsApp, Telegram au Messenger hupita katika intaneti, na kwake ni mamoja ikiwa intaneti hiyo inatoka kwenye mnara, kwenye waifai ya nyumba ya wageni au kwenye simu ya jirani anayegawa bando lake.

Msafiri anayetoka Korogwe kwenda Handeni anaweza kufuata barabara ya kilometa 65 inayopita Sindeni, au kuzunguka kwa Segera na Mkata. Njia moja ikifungwa, mzigo hupakiwa upya na kupitishwa kwa nyingine. Katika simu haiko hivyo. Simu iliyokosa mtandao lakini ina waifai itapokea picha za harusi kutoka Muscat, na haitapokea tokeni ya umeme iliyonunuliwa duka la jirani. Menyu za huduma zinazoanza kwa alama ya nyota, ikiwamo *152*00# ya huduma za Serikali na zile za kutuma fedha, nazo hupita katika mtandao wa simu; waifai haizibebi hata iwe na kasi gani. Zipo simu mpya zinazoweza kupitisha maongezi na ujumbe mfupi kwa waifai pale ambapo kampuni ya simu nayo imeruhusu, lakini mwenye simu ya miaka kumi iliyopita asiliwekee jambo hilo matumaini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutaja kilichokwama. Ikiwa meseji zinakwenda na WhatsApp haiendi, tatizo liko upande wa intaneti au wa programu yenyewe. Ikiwa WhatsApp inakwenda kwa waifai na meseji haziendi, tatizo liko kati ya simu, laini na mnara. Mafundi wengi wazuri huanza kwa swali hili, na mteja anayefika akiwa na jibu lake huokoa muda na fedha.

Badilishana laini na jirani

Kipimo bora kuliko vyote hakina gharama na huchukua dakika tano. Mwenye simu atafute mtu aliye karibu anayetumia kampuni ileile ya simu, wasimame mahali pamoja, kisha wazime simu zote mbili na kubadilishana laini.

Laini ya mwenye tatizo ikishika mtandao katika simu ya jirani, laini ni nzima na simu ndiyo yenye kasoro. Laini ya jirani ikishika katika simu ya zamani, simu ni nzima na laini ndiyo iliyokufa au kufungiwa. Simu zote mbili zikikosa mtandao kwa laini zote mbili, mahali hapo hapana mawimbi ya kampuni hiyo kwa wakati huo, na hakuna fundi anayeweza kulitibu jambo hilo mezani kwake. Ugumu pekee ni ukubwa wa laini: simu za zamani hutumia laini kubwa au ya kati, na za sasa hutumia ndogo. Kifremu cha plastiki alichokuja nacho mtu aliponunua laini hutatua hilo, ingawa aghalabu hutupwa siku ileile. Laini ndogo isisukumwe peke yake katika tundu kubwa, kwa kuwa hukwama na kung'oa vipini vya ndani, na hapo tatizo dogo huwa kubwa.

Maneno yanayoonekana juu ya kioo nayo ni ushahidi. Simu inayosema hakuna laini haijaisoma laini kabisa. Itolewe, ifutwe kwa kitambaa kikavu na safi upande wa dhahabu, na irudishwe. Simu inayosema simu za dharura tu imesikia mnara fulani lakini haijakubaliwa kuingia, jambo linaloonesha kuwa antena inafanya kazi na kwamba kasoro inaweza kuwa kwenye usajili wa laini, kwenye kuzuiwa kwa simu yenyewe, au kwamba mnara uliosikika ni wa kampuni nyingine. Simu inayosema hakuna huduma haijasikia chochote. Kabla ya kuhitimisha kuwa imekufa, ihakikishwe kwamba haikuwekwa katika hali ya ndege, kosa dogo linalowapata wengi pale simu inapochezewa na watoto.

Mlima, nyika na umri wa simu

Korogwe ni wilaya ya sura mbili. Korogwe mjini na Mombo ziko tambarare, kando ya barabara kuu na reli. Bungu, Vugiri na Dindira ziko juu katika safu ya Usambara. Mawimbi ya simu husafiri kwa mstari ulionyooka kwa kiasi kikubwa, na mlima huyakata. Ndiyo maana mtu aliye upande mmoja wa kilima hupata mtandao wote, na aliye nyuma yake, mita mia chache tu, hana hata alama moja. Handeni ina nyika, vilima vifupi na vijiji vilivyotawanyika. Huko kikwazo kikubwa ni umbali. Kwa teknolojia ya kizazi cha pili, yaani 2G, mnara wa kawaida hauwezi kuhudumia simu iliyo zaidi ya kilometa 35 hata pasipo kizuizi chochote kati yao, kwa sababu ya muda ambao mawimbi hutumia kwenda na kurudi. Katika hali halisi ya miti, mabonde na kuta za matofali, umbali huo hupungua sana.

Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara katika maeneo yasiyovutia kibiashara. Mei 2023 jijini Dodoma ilitiwa saini mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713 nchini, pamoja na kuongeza uwezo wa minara 304 iliyokuwapo ili itoe huduma ya intaneti na si maongezi na meseji pekee. Taarifa hiyo ina maana ya moja kwa moja kwa mwenye simu ya zamani. Chini ya mnara wa 2G, meseji na maongezi hupita vizuri, lakini WhatsApp hujikokota: maandishi huenda baada ya kusubiri, picha hukwama. Mtumiaji huona alama za mtandao zimejaa na kudhani simu imeharibika, kumbe alama hizo hupima nguvu ya mawimbi na hazipimi kasi ya intaneti.

Umri wa simu huleta kasoro ya upande wa pili. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutarajia masafa ya 850 na 1900 ambayo hutumika huko, wakati huduma ya 2G hapa nchini hutumia 900 na 1800. Nyingi hubeba masafa yote manne kwa maongezi, lakini hukosa baadhi ya masafa ya intaneti ya huku. Nyingine ziliuzwa zikiwa zimefungwa kwa kampuni moja ya kigeni, na zikiwekwa laini ya Tanzania hudai namba ya kufungulia. Mnunuzi wa simu iliyotumika aweke laini yake mwenyewe, apige, atume meseji na kupokea moja kabla ya kulipa. Kuona picha nzuri kwa waifai ya dukani si kipimo cha mtandao wa simu.

Mpangilio mmoja unastahili kuangaliwa katika simu zote. Katika sehemu ya mitandao ya simu kuna chaguo la aina ya mtandao. Simu iliyowekwa 3G pekee au 4G pekee itakaa bila huduma kijijini kwenye mnara wa 2G, ilhali simu duni kuliko hiyo inapiga bila shida. Ichaguliwe hali ya kujiendesha, na chaguo la kutafuta kampuni ya simu nalo liwe la kujiendesha.

Simu iliyozuiwa

Kuna aina ya simu ambayo haitashika mtandao wowote nchini, kwa laini yoyote, mahali popote, huku ikifanya kazi barabara kwa waifai. Ni simu ambayo namba yake tambulishi imezuiwa. Kila simu ina namba hiyo ya tarakimu 15, maarufu kama IMEI, na mtandao huisoma kila simu inapojiunga na mnara. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zenye namba tambulishi bandia, na tangu hapo mfumo huohuo hutumika kuzuia simu zilizoripotiwa kuibwa au kupotea.

Namba hiyo huonekana kwa kubonyeza *#06#, na hujitokeza hata pasipo mtandao wala laini. Ikiandikwa katika ujumbe mfupi kwenda 15090, kwa kutumia simu nyingine ikibidi, majibu hurudi yakieleza iwapo namba hiyo ni halali na ni ya simu ya aina gani. Majibu yakitaja aina tofauti na simu iliyo mkononi, ipo sababu ya kusita. Hili ni jambo la kufanywa kabla ya kununua, maana simu ya bei ya kutupa inayotamba kwa waifai na kukosa mtandao kwa kisingizio cha laini ni simu ambayo pengine polisi wana taarifa zake. Wapo wanaojitolea kuibadilisha namba tambulishi kwa malipo kidogo. Kufanya hivyo ni kosa la jinai, kwa anayebadilisha na kwa anayebadilishiwa.

Laini iliyolala

Laini nayo huzeeka. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Mtu anayetoa kabatini simu ya mwaka 2017 ikiwa na laini yake ya zamani ana sababu ndogo ya kutarajia kuwa laini hiyo iko hai. Hata iliyosajiliwa, ikikaa muda mrefu bila matumizi, hufungwa na namba yake baadaye hugawiwa mteja mwingine. Kwa kupiga *106# mtumiaji huweza kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake katika kampuni husika, na aliyepoteza laini anaweza kurejeshewa namba yake dukani akiwa na namba ya kitambulisho na vidole vyake. Afike yeye mwenyewe. Anayemtuma mwingine kusajili laini kwa jina lake hujifunga katika madeni na makosa ya mtu mwingine.

Mtandao upo, meseji haziendi

Hali hii huwachosha watu kwa kuwa maongezi yanapita. Sababu ya kwanza ni salio au bando la meseji, na haihitaji maelezo. Ya pili ni namba ya kituo cha ujumbe mfupi. Namba hii, inayoanza kwa +255, huandikwa na kampuni ndani ya laini, na simu huitumia kila inapotuma. Ikifutika au ikiachwa ya kampuni nyingine, kila ujumbe hurudi ukiwa umeshindikana ingawa kupokea kunaendelea. Katika simu za kubonyeza hupatikana kwenye mipangilio ya ujumbe. Katika simu nyingi za Android huonekana ndani ya menyu inayofunguka kwa *#*#4636#*#*. Namba sahihi hutolewa na huduma kwa wateja ya kampuni, nayo hupigiwa kwa 100.

Sababu ya tatu huwasahaulisha hata mafundi. Simu ya zamani yenye kumbukumbu ndogo ikijaa picha na video, huacha kupokea meseji. Haitoi kelele, hukataa tu, na kituo cha kampuni huendelea kuushikilia ujumbe hadi muda wake wa kuhifadhiwa uishe, kisha huufuta. Mara nyingi kinachojaza ni video za makundi ya WhatsApp zilizopakuliwa zenyewe. Zikifutwa na simu ikizimwa na kuwashwa, meseji za siku mbili huingia kwa mkupuo, tokeni ikiwamo.

Urefu wa ujumbe una nafasi yake pia. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na Kiswahili kwa herufi zake za kawaida hunufaika na nafasi hiyo yote. Ikiingizwa sura moja tu ya kucheka au kulia, nafasi hushuka hadi herufi 70, na ujumbe uleule hukatwa vipande viwili au vitatu vinavyolipiwa kimoja kimoja. Mahali penye mawimbi hafifu, kipande kimoja kikipotea, mpokeaji anaweza asione chochote. Anayetuma taarifa ya msiba kutoka bonde la Vugiri aandike kwa ufupi na bila picha.

Ufupi huo ndio nguvu ya meseji. Kwa kuwa kituo huujaribu tena na tena, ujumbe mfupi hufika mahali ambapo maongezi hukatika. Kati ya mwaka 2009 na 2010, vituo vya afya katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga vilishiriki majaribio ya kutuma kila wiki, kwa meseji, idadi ya dawa za malaria zilizobaki, na simu za kawaida kabisa zilitosha kwa kazi hiyo. Wenye simujanja husahau kuwa kitochi cha jirani kinaweza kufika mbali kuliko simu yao.

Simu yenye waifai pekee

Simu ambayo haitashika tena mtandao wa simu bado ina kazi. Huweza kutumia WhatsApp, barua pepe na maongezi ya intaneti popote penye waifai, ila ina udhaifu tatu ambao simu yenye laini haina.

Wa kwanza ni saa. Simu yenye laini huweza kurekebishwa saa na mnara. Isiyo na laini hutegemea betri yake, na betri ya zamani ikiisha kabisa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Muunganisho wa siri kati ya simu na seva hukagua tarehe ya vyeti vya usalama, na simu inayoamini kuwa ni mwaka 2012 huviona vyote kuwa havijaanza kutumika. Kila kitu hukataa kwa pamoja: WhatsApp, barua pepe, kurasa. Tiba ni kuandika tarehe na saa kwa mkono na kuchagua majira ya Afrika Mashariki, ambayo katika simu nyingi yameandikwa kwa jina la Nairobi. Wengine huandika saa kwa hesabu ya Kiswahili, saa saba mchana ikawa 7:00 badala ya 13:00. Kosa la saa sita halivunji muunganisho mara nyingi, lakini huvuruga mpangilio wa ujumbe, na jibu huonekana kuandikwa kabla ya swali.

Vyeti vyenyewe navyo huzeeka. Cheti kikuu kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani kilikoma tarehe 30 Septemba 2021, na mpango wa kuzibeba simu za Android za kabla ya toleo la 7.1 ukafika mwisho mwaka 2024. Simu hizo hukataa baadhi ya kurasa hata tarehe ikiwa sahihi. Kivinjari cha Firefox, ambacho hubeba orodha yake ya vyeti, husaidia pale kinapokubali kuingia katika simu hiyo.

Udhaifu wa pili ni waifai yenyewe. Simu nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Jirani mwenye simu mpya akigawa bando lake kwa gigahezi 5, simu ya zamani haitaona jina la waifai hiyo kabisa, na watu hudhani waifai imekufa. Mgawaji abadilishe masafa kuwa 2.4, na aina ya ulinzi iwe WPA2, kwa kuwa iliyo mpya zaidi haifahamiki kwa simu hizo.

Wa tatu ndio wenye madhara makubwa. WhatsApp hutambua mtu kwa namba ya simu, na namba ya uthibitisho ya tarakimu sita huja kwa meseji au kwa kupigiwa, yaani kwa ile njia ambayo simu hii haina. Ikishafunguliwa mara moja, huendelea kufanya kazi kwa waifai bila laini. Ikifutwa, hudai namba hiyo upya. Kwa hiyo ushauri unaotolewa kwa wepesi, wa kufuta programu na kuipakua upya au kurejesha simu katika hali ya kiwandani, ndio wenye hatari kuliko yote kwa mwenye laini iliyokufa: hupoteza mazungumzo na hana pa kupokelea ufunguo. Kurejesha hali ya kiwandani huweza pia kudai akaunti ya Google iliyotumiwa mwanzo, ambayo mnunuzi wa tatu hajui nywila yake. Laini irejeshwe kwanza. Baada ya hapo si lazima ikae katika simujanja. Iwekwe kwenye kitochi chochote, tarakimu sita zisomwe humo, kisha ziandikwe katika simu ya zamani iliyo kwenye waifai. Namba hizo zisisomwe kwa mtu yeyote, fundi akiwamo. Anayezidai kwa simu ni tapeli, na namba yake hupelekwa kwa meseji kwenda 15040.

Ipo mipaka isiyovukika. Kufikia mwaka 2025 WhatsApp ilidai Android 5.0 au zaidi, na kwa iPhone iOS 15.1 au zaidi. Simu za KaiOS, zikiwamo zilizojulikana nchini kwa jina la Smart Kitochi, ziliondolewa katika huduma hiyo mwanzoni mwa mwaka huohuo. Kwa simu hizo hakuna mpangilio wa kurekebisha, na anayedai malipo ili aiweke tena WhatsApp halisi hana cha kuweka. Meseji na maongezi hubaki kama kawaida.

Kwa simu inayokubali, alama za ujumbe husaidia kutambua kilichotokea. Saa ndogo pembeni mwa ujumbe ina maana kwamba haujaondoka kwenye simu ya mtumaji. Tiki moja ni kwamba umefika kwenye seva na simu ya mpokeaji haijapatikana. Tiki mbili ni kwamba umefika. Ujumbe wa tiki moja hukaa kwa siku 30 kisha hufutwa, hivyo anayewasha simu yake kwa waifai mara moja kwa miezi miwili asilaumu ndugu kuwa hawakumwandikia.

Watumiaji wa iPhone za zamani wana jambo lao. Ujumbe wa rangi ya bluu hupita katika intaneti, wa kijani ni meseji ya kawaida. Kuiwasha huduma ya bluu kwa namba ya simu huhitaji simu itume kimyakimya meseji ya kimataifa, na laini isiyo na salio hukaa ikisubiri bila kueleza sababu. Isiyo na laini itumie anwani ya barua pepe.

Iwapo kubadilishana laini kumeonesha kuwa simu na laini ni nzima na mtandao ndio haupo, malalamiko huanzia kwa kampuni ya simu kwa namba 100, yakitaja kijiji, kitongoji na saa ambazo mtandao hukatika. Yasiposhughulikiwa, hupelekwa TCRA pamoja na ushahidi kwamba kampuni iliarifiwa. Eneo lisilo na mnara wa kampuni yoyote ni suala jingine. Hilo huwasilishwa kupitia uongozi wa kata na halmashauri ili lifike UCSAF, na maombi yanayotaja vitongoji, shule na zahanati visivyofikiwa hueleweka haraka kuliko yanayosema tu kwamba mtandao unasumbua.